Njia Mbili Zilizopita Shimo Moja

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumamosi, Kavutha Mutisya amepiga magoti katika chumba kisicho na dirisha, anahesabu taa. Ziko nne, zote kijani. Anasimama, anatoka hadi ukumbini, anarudi, anapiga magoti tena na kuzihesabu upya, kana kwamba kuna mwizi wa taa aliyepita hapo katikati. Chai aliyoletewa na mlinzi tangu saa kumi na mbili imefanya utando juu.

Taa hizo ni za visanduku viwili vya chuma vinavyoitwa ruta. Ukiviona utadhani ni redio zilizonyimwa spika. Lakini kila neno linalotoka kwenye kompyuta za makao makuu haya kwenda nje, na kila linaloingia, sharti lipite kwa kimojawapo. Ni walinzi wa mpaka, na bila wao ofisi hii haijui kinachoendelea ng'ambo ya ukuta wake.

Hapa ni Afueni, kampuni inayouza dawa kwa jumla. Makao makuu yako Viwandani, Nairobi. Tawi moja liko Eastleigh, jingine Buruburu. Karani wa Eastleigh akitaka kujua kama dawa fulani ipo, anaangalia orodha iliyo kwenye kompyuta ya Viwandani, na orodha hiyo humfikia kwa laini iliyokodishwa kutoka shirika la simu. Laini ikikatika, karani huyo ni sawa na mtu aliyefungwa kitambaa machoni.

Saa tatu kamili, mkurugenzi wa shughuli, Bwana Wamalwa, ataingia chumbani humu na kuchomoa waya mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Eastleigh ikiikosa orodha kwa zaidi ya dakika moja, kitengo cha Kavutha kitafungwa mwisho wa mwezi huu wa Julai na kazi itapewa kampuni ya nje. Yeye atarudishwa kwenye meza ya kupiga chapa alikoanzia, au aende nyumbani.

"Barua imeshaandikwa," anasema, macho hayabanduki kwenye taa. "Nimeiona kwa karani. Imebaki tarehe tu."

Haya, na huyu Kavutha ni nani?

Ana miaka thelathini na miwili. Alizaliwa Majengo, mtoto wa Muoki Mutisya, mchongaji vinyago wa Gikomba ambaye sasa ni marehemu, na Mwelu, mama ambaye bado anaishi katika chumba kile kile na hataki kusikia habari ya kuhama. Aliajiriwa Afueni mwaka 1989 kama mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa, ziliandamana na vitabu vinene kama matofali, na wakubwa walivitazama vitabu hivyo jinsi mtu anavyotazama mzigo wa mwenziwe. Kavutha akavibeba nyumbani kimoja kimoja. Alipomaliza cha sita, ofisi nzima ilikuwa imeshazoea kumwita yeye kitu kikigoma.

Leo ndiye fundi wa mtandao wa kampuni nzima, peke yake. Mshahara ni shilingi elfu kumi na nne na mia tano. Akishalipa kodi ya chumba chake cha uani huko Buruburu Phase Three, na kodi ya mama yake Majengo, kinachobaki hakimtoshi hata kuwa na wasiwasi juu yake. Wasiwasi wake wote ameuweka kwenye nyaya.

Na wasiwasi huo una chanzo. Mwaka 1996 Bwana Wamalwa alimwagiza ahakikishe Eastleigh haikatiki kamwe. Kavutha akafanya alichosoma vitabuni. Aliomba laini mbili badala ya moja, akanunuliwa ruta mbili, kila ruta ikashika laini yake. Moja ikifa, ya pili ipo. Akiba haiozi. Mchoro aliuchora kwa penseli ya useremala ya baba yake, mistari miwili iliyonyooka kutoka Viwandani hadi Eastleigh, na Bwana Wamalwa akaufurahia hata akautia fremu na kuutundika ukutani.

Kisha ikaja mvua ya El Niño.

Kila mkazi wa Nairobi ana hadithi yake ya Novemba ile ya 1997. Ya Kavutha ni kwamba Jumanne moja, saa nne asubuhi, laini zake mbili zilikufa katika dakika moja. Hakuamini. Alizima ruta akaziwasha, akabadilisha nyaya, akazibadilisha tena. Ukutani mchoro ulikuwa unamtazama na mistari yake miwili maridadi.

Saa ile ile, Eastleigh, mzee mmoja aitwaye Burale alikuwa amesimama mbele ya meza ya karani Qali, akitafuta insulini ya binti yake Mumina, mtoto wa miaka tisa mwenye kisukari. Rafu ya Eastleigh haikuwa nayo. Skrini ilikuwa nyeusi na simu nazo hazisemi. Qali alifanya ambalo mtu yeyote angefanya: alikisia. Akamwambia mzee ajaribu Viwandani.

Burale alivuka maji ya magoti hadi Viwandani, akafika jioni makarani wa orodha wameshaondoka, na kukuta ghalani hakuna. Chupa ishirini na sita zilikuwa zimetulia kwenye jokofu la Buruburu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Alipata dawa kesho yake kwa muuzaji mwingine kabisa. Mumina alilazwa hospitalini siku nne.

Mtoto alipona. Yuko shuleni, na Burale bado ni mteja. Lakini Kavutha alipoelezwa na Qali habari hizo hakupata tena kukaa kitako akatulia. Kula anakula akiwa amesimama. Kanisani husimama karibu na mlango. Wenzake wa ofisini humtania kwamba kiti chake ndicho kipya kuliko vyote kwa sababu hakijapata kukaliwa.

Maji yalipopungua, alifanya jambo ambalo hakuna kitabu kilichomwagiza. Alivaa gamboti, akaambatana na mafundi wawili wa simu, akaifuata laini yake kwa miguu kutoka mlango wa kampuni. Wakavuka daraja, wakapita pembeni mwa Gikomba, wakaingia Majengo. Hapo mafundi wakainua mfuniko wa chuma. Shimo lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai. Walipoyapunguza kwa ndoo, Kavutha akaziona laini zake mbili, zimelala ubavu kwa ubavu, zimefungwa pamoja kwa ukanda mmoja wa mpira.

Walioziweka hawakuwa na kosa. Zilikuwa zimeombwa siku moja, kwa fomu moja, kutoka mlango mmoja kwenda mlango mmoja. Zingepitishwa wapi tena?

"Hakuna aliyekosea ila mimi," anasema. "Niliomba laini mbili. Sikuomba njia mbili."

Shimo lenyewe liko hatua chache kutoka kwa mama yake, kwa hiyo akaingia kuosha miguu. Hakuna maji. Mwelu alikuwa amekasirika, na Mwelu akikasirika haanzi na salamu. Kwa miaka mingi ananunua maji kwa wachuuzi wawili wa mkokoteni, Opicho na Bwire. Anawapa zamu kwa makusudi, leo huyu kesho yule, ili mmoja akiugua au akiringa asikwame. Sasa wote wawili hawajaonekana kwa siku mbili. Mama alikuwa amekwenda kuwatafuta mwenyewe, akawakuta wamekaa juu ya mitungi mitupu kando ya bomba lililopasuka. Bomba moja, na wote wawili huchota hapo.

"Miaka yote hii najiona mjanja nina watu wawili," Mwelu alimwambia binti yake. "Kumbe nina bomba moja na mikokoteni miwili."

Kavutha alibaki amesimama kando ya kigoda, matope yakimkaukia miguuni. Mama akadhani mwanawe ni mgonjwa. Kesho yake alfajiri Kavutha alikuwa ofisini, akaushusha ule mchoro ukutani, akautoa kwenye fremu na kugeuza karatasi upande wa pili.

Mchoro mpya hauna mistari miwili inayokwenda sambamba. Una pembetatu. Ruta ya kwanza inatazama Majengo na kwenda moja kwa moja hadi Eastleigh kama zamani. Ruta ya pili inatazama upande mwingine kabisa: laini yake inafuata Barabara ya Jogoo hadi tawi la Buruburu, na kutoka Buruburu laini nyingine inazunguka hadi Eastleigh. Baina ya ruta hizo mbili kuna waya mfupi wa kuzungumzia, ili moja ikikwama imkabidhi mwenziwe mzigo. Maneno yanayopitia Buruburu huchukua mzunguko mrefu zaidi, lakini hufika.

Safari hii hakuamini karatasi. Jumapili tatu mfululizo, baada ya ibada, alizitembea njia zote na daftari mkononi, akihesabu mifuniko ya chuma. Watoto wa Jogoo Road walimfuata wakidhani ameangusha pesa. Njia ya Majengo ilikuwa na mifuniko arobaini na mmoja. Njia ya Buruburu sitini na mitatu. Hakuna hata mmoja uliojirudia kwenye orodha zote mbili, naye alizilinganisha orodha hizo mara nne.

Angeishia hapo, labda angekuwa analala vizuri. Lakini mwezi wa tano alijaribu mtambo wake Jumapili moja wakati ofisi imefungwa, ukamwangusha. Alimwomba Qali, aliyekuwa zamu Eastleigh, achomoe waya wa kule. Skrini ya Qali ikaganda, na ikabaki imeganda. Huku Viwandani taa iliendelea kuwaka kijani kama kawaida.

Sababu yake si ngumu. Katikati ya laini kuna kituo cha simu. Waya ukikatwa ng'ambo ya kituo hicho, ruta ya Viwandani bado inaona kituo kiko pale, basi inaridhika. Taa inawaka. Inaendelea kumwaga maneno kwenye barabara iliyokatika mbele, kama mtu anayemimina uji kwenye kikombe kilichotoboka na kujisifu kwamba ameshamlisha mtoto. Njia mbadala iko pale pale, nzima, haina kazi, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba inahitajika.

Alihangaika na jambo hilo wiki tatu. Jibu alilipata kwa mama yake tena, ingawa safari hii mama hakusema lolote. Kavutha alikuwa amesimama mlangoni kwa mama akipiga hodi. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya. Akageuka kuondoka kama alivyofundishwa tangu utotoni: hodi ni tatu, usipojibiwa nenda zako. Mama alikuwa kwa jirani tu, lakini Kavutha alikwisha kuondoka, tena mbio, arudi ofisini siku ya mapumziko.

Tangu hapo ruta zake zinapigiana hodi. Kila sekunde kumi ile ya Viwandani inabisha hodi kwa ruta mwenzake iliyoko Eastleigh na kungoja iitikiwe. Hodi tatu zikipita kimya, haisimami tena mlangoni. Inaihesabu njia hiyo kuwa imekufa, taa iwe kijani isiwe kijani, na kugeukia Buruburu. Vitabu vilikuwa na jambo hilo kurasa za nyuma, anakiri, lakini alikuwa amezisoma bila kuzielewa.

Saa tatu kamili Bwana Wamalwa anaingia. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, na huvaa saa mbili, moja kila mkono, kwa sababu ambazo hakuna anayethubutu kumuuliza. Nyuma yake wako wakuu wa idara watatu. Kavutha amempigia Qali simu na kumwomba asome orodha ya dawa kwa sauti bila kupumzika. Simu imewekwa kwenye kipaza sauti, na sauti ya Qali inajaza chumba: amoksilini, mia mbili na kumi, aspirini, katoni arobaini.

Wamalwa anachomoa waya. Taa moja inazimika. Qali anasita kidogo tu, kama mtu aliyemeza mate, kisha anaendelea kusoma. Sekunde nne.

Wakuu wa idara wanapiga makofi. Wamalwa anatoa kalamu atie sahihi kwamba kitengo kinabaki. Kazi imeokoka, kodi mbili zimeokoka, barua ile itachanwa. Mtu mwingine yeyote angenyamaza. Kavutha anajua hivyo pia.

"Bwana Wamalwa, hilo lilikuwa jaribio rahisi."

Kalamu inasimama. Wamalwa anamgeukia. "Kavutha, umeshafaulu. Unataka nini tena?"

"Mvua haitakuja ofisini kuchomoa waya. Itakata Majengo, na hapa taa itabaki kijani. Kukatika huko Majengo ndiko kulikomponza Mzee Burale akienda huku na huko. Naomba Qali achomoe waya wa Majengo upande wake."

Mkuu mmoja wa idara anaguna. Wamalwa anakumbusha kwa upole kwamba masharti ni yale yale, dakika moja, na kwamba jaribio likianguka hataweza kujifanya hakuliona. Kavutha anaitikia kwa kichwa. Waya unarudishwa, wanangoja taa zote nne ziwake, kisha Kavutha anainama kwenye simu na kumwambia Qali achomoe.

Sauti ya Qali inakatika katikati ya neno, kwa kuwa skrini anayosoma imeganda.

Taa zote nne kijani. Anayeingia sasa hivi angesema mambo ni shwari. Wamalwa anatazama saa ya mkono wa kushoto. Sekunde kumi. Hodi ya kwanza imepita. Kavutha ameshika ukingo wa meza. Ishirini. Mkuu wa idara anamuuliza mwenziwe kwa mnong'ono nini kinatakiwa kutokea, na mwenziwe hajui. Hakuna mwingine humu chumbani anayejua. Thelathini. Thelathini na tatu.

"Imerudi," inasema simu. Kisha Qali, ambaye hakuagizwa na mtu, anaacha orodha aliyokuwa akisoma na kutafuta dawa moja tu. "Insulini. Eastleigh hakuna. Viwandani hakuna. Buruburu, chupa kumi na nane."

Sekunde thelathini na sita tangu kukatika hadi kurudi. Kavutha anageukia ukutani na kujifuta macho kwa kiganja, wala hajali nani anaona.

Wamalwa anatia sahihi. Anaifunga kalamu yake polepole, na kabla ya kutoka anauliza swali, si kwa ubaya: "Na wewe je? Ukilazwa hospitali wiki moja, nani anaijua kazi hii?"

Kavutha anatazama daftari lake. Amehesabu mifuniko mia moja na minne na hakujihesabu mwenyewe. Njia zote mbili, hodi zote, daftari lote, vinapitia mtu mmoja.

"Nipe Qali," anasema mwishowe.

Jumatatu saa mbili asubuhi Qali yuko Viwandani. Ana miaka ishirini na mitano, buibui la rangi ya kahawia, na tabia ya kutaka kushika kila anachoonyeshwa. Kavutha amekaa kitini. Ndiyo, amekaa, na wawili watatu wamepita mlangoni kuhakikisha. Anaanza kumweleza mchoro: hii inatazama Majengo, hii inatazama Buruburu, huu ni waya wa kuzungumzia.

Haijapita nusu saa, Qali ameshapiga magoti nyuma ya kabati. Anafuata kwa kidole waya mweusi unaotoka nyuma ya ruta ya kwanza, kisha mwingine unaotoka nyuma ya ruta ya pili.

"Dada Kavutha," anauliza kutoka huko chini, "hizi mbili, umeme wake unatoka wapi?"

Kavutha anainuka, anachungulia. Nyaya mbili nyeusi zinashuka ukutani, zinapinda pamoja nyuma ya kabati, na kuishia kwenye soketi moja. Moja tu, tena iliyolegea. Imekuwa hapo tangu 1996. Ameipita kila siku, ameifagia hata.

Anamtazama Qali, Qali anamtazama yeye, halafu Kavutha anakaa chini sakafuni na kucheka, kicheko kirefu ambacho mlinzi anakuja mbio kukiona. Akimaliza anachukua daftari, anafungua ukurasa mpya, na badala ya kuandika yeye anampa Qali penseli ya baba yake.

Ombi la soketi ya pili, kutoka waya mwingine wa umeme, limepelekwa siku hiyo hiyo, na chini yake kuna majina mawili. Kuna ombi jingine pia. Mwezi wa nane Kavutha anataka wiki mbili ampeleke mama yake Mbooni akaone mahindi ya ndugu zake. Hajachukua likizo kwa miaka sita, na Mwelu anadai hataamini hadi amwone ndani ya basi.

Ameulizwa kama hataogopa kuiacha Nairobi na nyaya zake. Anatazama taa nne za kijani, kisha anamtazama Qali, ambaye bado yuko nyuma ya kabati akipapasa.

"Nitaogopa," anasema. "Lakini waya wa kuchomolewa sasa ni mimi. Bila hivyo hatutajua kama kweli tuko wawili."